Meno Kumi na Manne

Nilikubali kubadilisha pinyo ile ya pikipiki Jumatano asubuhi, kabla sijanywa chai, na hakuna aliyenishikia bunduki. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia wazee wenzangu wengi wakisimulia miaka ile ya Katanga kujitenga, na katika kila simulizi msimulizi alilazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Niliulizwa, nikafikiri kwa muda wa mtu kufuta mikono kwenye tambara, nikasema ndiyo.

Aliyeniuliza alikuwa mkubwa wa vijana waliolinda kizuizi cha barabara ya Kipushi. Kabla ya matata alikuwa akiuza nyama sokoni, na bado alikuwa na mikono ya kazi ile, minene, yenye kucha safi. Aliisukuma pikipiki mpaka ndani ya karakana akaiegemeza kwenye meza yangu bila hodi.

"Fundi, hii kintu iko sawa mbuzi," akasema. "Inalia sana, haitoki."

"Inatoka. Weye njo unaikalia mubaya."

Vijana wawili aliokuja nao wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ule Muluba wa shapo anapita kwetu mara mbili kwa juma. Anapunguza mwendo, tunasogea, paf! amekwenda. Tunabakia na vumbi mu meno. Miye nataka kintu itoke palepale. Unaweza ao hauwezi?"

Muluba wa shapo, yaani wa kofia, alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mwuza nyama alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine. Walikuwapo wawili katika mtaa wa Albert peke yake. Alikuja kwangu ili anione nikichagua.

"Ninaweza," nikasema.

Wakati ule Waluba wa Kasai, ambao baba zao waliletwa mjini kwetu Elisabethville kwa kazi za ofisi na za biashara, walikuwa wamefanywa maadui. Milango yao ilivunjwa, vyombo vyao vikagawanywa mchana, na wengi wakakimbilia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa kofia za buluu. Shemeji yangu alikuwa karani, mtu wa tai na kofia ya kijivu. Alipofukuzwa kazi alihamia kambini na dada yangu na watoto wao wawili, katika kibanda cha magunia na mabati. Aliokoa kofia na pikipiki yake, mashine nzito ya Kiingereza.

Mtoto wao wa pili hakuwa amefikisha mwaka. Dada yangu alikuwa ameugua na maziwa yalimkauka. Uji wa kambini ulimtoka mtoto kama ulivyoingia. Kwa hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa shemeji alikwenda Kipushi, akavuka mpaka, akarudi na mikebe ya maziwa ya unga, kwa ajili ya mwanawe na kwa watoto wengine wachache. Asubuhi, wakati wa kwenda, vijana wa kizuizi walikuwa bado wamelala na pombe zao. Shida ilikuwa wakati wa kurudi. Walikuwa wamepanga mapipa barabarani kwa mtindo wa kukulazimisha kupinda huku na huku. Ukishayapita, zilibaki hatua kama mia sita za barabara ya vumbi mpaka kwenye mifuko ya mchanga ya kofia za buluu, na katikati ya hatua hizo barabara ilizunguka kichuguu kikubwa. Baada ya kichuguu askari walikuona, na hapo hakuna kijana aliyethubutu kukugusa.

Shemeji alipita kati ya mapipa polepole kama mtu anayetaka kusimama, wakimkaribia, halafu akafungua gesi. Ingetosha hapo. Lakini yeye aliinua kofia na kuwaaga. Nilimwambia mara moja aache kuinua kofia. Akanijibu kwamba adabu ni adabu.

Sisi hatukuwa watu wa Kasai. Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa ziwa, akaja kufanya kazi ya reli, na tulikuwa Wakatoliki wa benchi la pili. Lakini kaskazini nako kulikuwa na watu waliokataa Katanga, na majirani walikuwa wameanza kutuuliza habari za kijijini kwetu kwa sauti ambayo hawakuwa nayo zamani. Mwuza nyama aliniahidi karatasi yenye muhuri, ya kupita kila kizuizi bila kuulizwa. Niliitaka karatasi ile. Hata hivyo nisijifiche nyuma yake. Kilichonifanya niseme "ninaweza" ni lile neno lake "hauwezi". Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, miaka minne ya shule ya ufundi ya mapadri, na funguo za karakana ambayo mwenyewe, Mgiriki mmoja, aliniachia alipokimbilia Rhodesia. Nilijiona bingwa.

Pinyo ni lile gurudumu dogo la meno linalotoka kwenye injini na kuvuta mnyororo. Nyuma, kwenye tairi, kuna gurudumu kubwa la meno linalovutwa. Pikipiki ya vijana ilikuwa na pinyo ya meno kumi na saba. Katika masanduku ya Mgiriki nilipata nyingine, ya mashine kuukuu ya aina hiyohiyo, yenye meno kumi na manne. Ukipunguza meno ya mbele, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi. Pikipiki inaondoka kwa nguvu kubwa, lakini mbio zake za mwisho zinapungua. Kwa safari ya Kipushi ni hasara tupu. Injini ingelia njia nzima na kila lori lingekupita. Kwa hatua mia tatu, kutoka kwenye mapipa mpaka kwenye kichuguu, ni dawa.

Nilifanya kazi safi. Niliinyoosha kwa tindo ile bati inayofunga nati, nikamkalisha kijana mmoja juu ya pikipiki akanyage breki ya nyuma, nikaifungua nati kwa uzito wangu wote. Pinyo mpya iliingia kwenye ekseli bila kucheza. Mnyororo ulikuwa mrefu sasa, nikatoa vipingili viwili, nikausogeza mhimili wa tairi, nikakifunga kile kibanio kidogo kwa upande wake uliozibwa kuelekea mbele, kama mapadri walivyotufundisha, ili kisichomoke kwenye mwendo. Kijana mwingine akaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia fundi asiyejali kibanio ni mwuaji. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, nikiwa nimechuchumaa pale.

Nikaijaribu nyuma ya stesheni. Niliachia klachi, na gurudumu la mbele likawa jepesi kama linataka kuinuka. Nilicheka peke yangu. Niliporudi mwuza nyama alisoma usoni mwangu kwamba kazi imekwisha.

"Iko muzuri?"

"Mpaka kwenye kichuguu hakuna mashine ya kuishinda. Kisha kichuguu, usahau."

Hapo ningenyamaza. Pinyo peke yake isingetosha. Walikuwa wakiiegesha pikipiki kwenye kivuli kando ya kibanda chao, na mpaka waiwashe shemeji angekuwa kwa kofia za buluu akinywa maji. Niliokota msumari nikawachorea mavumbini. Mapipa haya hapa. Pikipiki isikae huku, ikae hapa, baada ya pipa la mwisho, imeelekea mjini. Akisikika anakuja, muiwashe, gia ya kwanza, klachi imeshikwa. Na awepo mtu wa nyuma. Hakuna aliyeniuliza hayo. Nilitaka kazi yangu ionekane.

Mchana wa Jumatano ileile nilikwenda kambini.

Inanibidi nieleze utani wetu. Kwetu, kaka wa mke na mume wa dada ni watani mpaka kufa. Unaweza kuingia kwake ukabeba kiti, ukamwita mtumwa, ukaulizia lini atakufa urithi viatu vyake, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa. Ndiyo maana neno la kweli halipiti kati yenu moja kwa moja. Ukiwa na jambo zito unamwita mtu wa tatu, awe dada au mzee au hata jirani, anakaa katikati, unamwambia yeye, na mwenzako anasikia kupitia kwake. Kila mtu alijua utaratibu huo. Na mimi niliujua.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akisugua kofia yake kwa mkate mkavu ili kuitoa vumbi.

"Mutumwa yangu anafika!" akapaza sauti. "Ingia kwa mufalme. Angalia kichwa, iko misumari."

"Nilikuja kuona kama umekwisha kufa. Nataka ile pikipiki."

"Utaipata. Lakini utajua kuiendesha? Weye hata kuziba tundu ya kinga inakushinda." Kinga ni baiskeli, na majirani wa kibanda cha pili wakacheka.

"Sikia," nikasema. "Ijumaa batakushika."

"Nani?"

"Bale ba barieri, ba mapipa. Bako na pinyo mupya. Miye njo nilibawekea. Upitie njia ya Kasungami."

Alinitazama kidogo, halafu akaangua kicheko mpaka kofia ikamwanguka. "Weye! Weye ulibawekea! Basi niko muzima mpaka uzee. Kama njo weye ulifunga, pinyo itabaangukia mu njia!"

"Utaona," nikasema, nikacheka na mimi.

Dada yangu akafika na ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto hakulia. Alikuwa na macho makubwa na shingo nyembamba. Dada akatua ndoo.

"Munacheka nini?"

"Ndugu yako iko ananiuza," shemeji akasema. "Anasema niende kuzunguka Kasungami yote na maziwa ya mutoto, mu muchanga, sawa mwizi."

"Kukuuza weye? Nani atakununua?" dada akasema, na wote tukacheka tena. Akaniwekea chai.

Alikuwa amekaa katikati yetu, mtu wa tatu, kama utaratibu ulivyotaka. Nilichohitaji kusema ni: yaya, dada yangu, mwambie mumeo leo hakuna utani. Maneno machache. Lakini dada angeniuliza pinyo iliwekwa na nani, na kwa nini, na ningelazimika kumjibu. Nilikunywa chai. Nilikuwa nimesema ukweli neno kwa neno, kwa njia pekee ambayo nilijua haitaaminiwa, na nikajiambia kwamba nimemwonya. Nikiwa njiani kurudi nilikuwa nimekwisha kuamini hivyo.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana kijana alikuja kuniita kwenye kizuizi. Mnyororo ulikuwa umelegea, kwa sababu walikuwa wamefanya mazoezi siku tatu mfululizo. Hiyo nayo ilikuwa nafasi. Mnyororo uliolegea unaruka meno ya pinyo unapofungua gesi kwa ghafla. Ningeuacha hivyo, au ningegeuza kibanio, na hakuna ambaye angejua. Nilichukua spana zangu nikaenda. Nikaukaza vizuri, nikaupima kwa kidole katikati, nikautia grisi.

"Fundi wetu," mwuza nyama akasema, akinipigapiga begani. "Leo utakula nyama."

Nilikuwa bado nimeshika spana tuliposikia mashine ya Kiingereza. Sauti yake niliijua kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Vijana wakawasha pikipiki yao; mmoja mbele, mwingine nyuma na chuma cha urefu wa mkono. Shemeji akatokea na vumbi lake, sanduku la mikebe limefungwa nyuma kwa mipira. Akapunguza. Pipa la kwanza, la pili. Akanipita karibu sana. Aliniona nimechuchumaa pale na mikono ya grisi, na alicheka, nadhani alidhani utani umeendelea. Akayamaliza mapipa, akainua kofia.

Kazi yangu ilifanya kama nilivyosema. Waliondoka kama jiwe la manati. Yeye alikuwa na injini kubwa mara mbili, lakini alikuwa na mzigo na gia ndefu, na mkono mmoja uko kwenye kofia. Nilihesabu. Mpaka leo nakasirika kwamba nilihesabu. Hatua mia, walikuwa nyuma yake. Hatua mia mbili, walikuwa ubavuni. Yule wa nyuma akaingiza chuma katika nyaya za gurudumu la mbele.

Wenzao wakakimbia. Mimi nilitembea.

Alikuwa amelala chali, mguu mmoja umegeukia pasipo pake. Sanduku lilikuwa limepasuka, na maziwa ya unga yalikuwa yamemfunika uso na kifua.

"Angalieni!" mmoja akapiga kelele. "Anakuwa muzungu! Bonjour, bwana!"

"Bwana, shapo yako iko wapi?"

"Umupatie maji, tufanye chai na maziwa!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwuza nyama akanivuta kwa mkono. "Fundi, kuja uone kazi yako."

Shemeji akafungua macho, meupe na yeye. Alinitambua. Midomo yake ilitafuta kitu, nami nilingoja aniite mtumwa. Hakuniita chochote. Aligeuza kichwa kwa mwuza nyama.

"Kapita," akamwambia, kama anayemwita mnyapara, kwa sauti ya mtu wa ofisi, "umwambie huyu apelekee mutoto maziwa. Iko mukebe moja haikupasuka."

Alikuwa amemwita mtu wa tatu. Hakuwa na mwingine.

"Fundi," mwuza nyama akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "anasema upelekee mutoto maziwa."

Mkebe ulikuwa pale, karibu na mguu wangu, umebonyea upande mmoja tu. Nilitazama nyuso za vijana. Nilifikiria karatasi yenye muhuri, na majirani, na maswali yao juu ya kaskazini. Sikuinama. Kijana mmoja aliuona mkebe, akauokota, akautia ndani ya shati.

Nyuma ya kichuguu kofia za buluu walipiga risasi hewani mara mbili, tena kwa kuchelewa. Vijana walimbeba shemeji wakamtupa kwenye gari dogo la mizigo. Wachoma mkaa walimwona siku ya tatu, msituni, upande wa Kipushi. Sitaandika walichokiona.

Habari nilimpelekea dada yangu mwenyewe, jioni ileile ya Ijumaa. Nilisema vijana wamepata pikipiki yenye nguvu. Nilisema nilikuwa karakanani. Alinisikiliza akiwa amesimama, mtoto mgongoni, na niliona jinsi Jumatano ilivyomrudia, kicheko kwa kicheko.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akasema. Kisha: "Na ulikunywa chai yetu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakupiga kelele, hakunilaani. Alishusha gunia lililokuwa mlango.

Mtoto alikufa kabla ya mwezi kwisha. Nilisikia kwa mama, ambaye alikwenda kuzika na akaniambia nisije. Baadaye walipewa nafasi katika gari moshi la wakimbizi wanaorudi Kasai, nchi ambayo dada yangu hakuwa ameiona hata siku moja, na aliondoka na mtoto mmoja na mabunda mawili. Nilikwenda stesheni nikasimama nyuma ya kibanda cha mizigo, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusimama mbele yake.

Karatasi yenye muhuri niliitumia miezi michache. Kisha Katanga ikawa tena Kongo na karatasi haikuwa na maana. Hakuna aliyetuuliza kitu. Mwuza nyama alirudi sokoni. Kwa miaka mingi alinisalimu, "Yambo, fundi," akinichagulia kipande kizuri, na nilikuwa nanunua. Pikipiki ile waliiacha injini ilipoungua, jambo ambalo ningewaambia litatokea, kwa kuwa haikufungwa kwa safari ndefu.

Nilimwandikia dada yangu. Mwanzoni niliandika kwamba nilitishwa, halafu kwamba nilimwonya mumewe, halafu, miaka ilipopita, niliandika kama nilivyoandika hapa. Hakujibu barua ya uongo wala ya kweli. Mama aliishi nyumbani kwangu mpaka mwisho wake na hakuwahi kulitaja jambo hilo, lakini chakula alijipikia mwenyewe, kwenye sufuria yake. Mwaka dada alipokufa, mwanawe aliyebaki, mtu mzima mwenye watoto, alinipigia simu. Alikuwa na sauti ya baba yake. Alisema, kwa heshima, mjomba, mama aliacha neno kwamba usije kwenye matanga. Nikamwambia nimesikia.

Kwa kukubali kazi ile nilimwua mume wa dada yangu, nikamwua mtoto wake, na dada yangu akaishi miaka yake yote iliyobaki bila kunihesabu ndugu. Nilikuwa na dada mmoja tu.